Kabla ya kuyalilia maduka ya kanda, tuulize nani alikuwa anazilipa bendi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: maduka huru ya santuri, kanda na CD yakiisha, muziki wa jukwaani mjini nao utakufa? Limenigusa pabaya, maana mimi ni mtu wa Dar es Salaam, na Dar ilikuwa mji wa muziki zama ambazo santuri yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Tukumbushane. Nchi hii haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilitegemea Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zikapigwa hewani, basi. Na bado kumbi zilijaa. Naamini zilijaa kwa sababu hiyo hiyo: ukiutaka wimbo, ama usubiri redio, ama ulipe kiingilio.

Wala wanamuziki hawakuishi kwa mauzo ya duka lolote. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, UDA Jazz ya shirika la mabasi ya mjini, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi, DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam lenye ukumbi wake Kariakoo, wakaichukua 1983. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri. Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa, bendi zikabaki yatima. Anayetaka kujua kilichoumaliza muziki wa dansi aanzie hapo, kwenye kaunta za maduka aje baadaye.

Hilo ndilo jibu nililokaa kuliandika. Lakini kuna kibanda kimoja cha Kariakoo kinachonizuia kuishia hapa.

Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, dirisha ndiyo kaunta. Ndani kulikuwa na redio kaseti mbili zilizounganishwa kwa waya, na kanda zimepangwa ukutani hadi darini. Unapeleka kanda yako tupu na karatasi ya nyimbo unazozitaka, unaacha, unarudi siku nyingine kuichukua. Mzee mwenye kibanda alinasa nyimbo kutoka redioni usiku, kidole kikiwa juu ya kitufe, ili mtangazaji akianza tu kuongea amkate. Akimaliza kukurekodia anaandika kwenye karatasi ya kasha, kwa mwandiko wa kulala: jina la wimbo, mtunzi, waimbaji, aliyepiga gitaa la solo, aliyepiga la besi. Kisha anachukua ncha ya kisu na kuvunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake.

Katikati ya miaka ya 80 nilimpelekea karatasi yenye wimbo mmoja wa Sikinde ambao jirani yetu alikuwa akiuimba kutwa nzima. Akausoma, akanirudishia karatasi.

“Huu haujaenda redio, mwanangu. Wanaupiga ukumbini tu, na bado wanaubadilisha.”

Nikamwomba anitafutie popote utakapopatikana. Akacheka. “Nenda DDC Jumapili. Usikae karibu na spika, kaa upande wa tarumbeta. Solo akiingia, usimsikilize yeye. Msikilize wa besi.”

Nikaenda, nikakaa alikoniambia. Beti zilikwenda taratibu, watu wamekaa na vinywaji vyao, wengine wanazungumza. Mimi namsikiliza wa besi. Nikamsikia akibadilisha mwendo kabla ya wenzake wote, kidogo tu, kama mtu anayegonga mlango kwanza, halafu tarumbeta zikamfuata na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, likaanguka. Viti vyote vikabaki vitupu. Liliendelea muda mrefu mno, waimbaji wakitaja majina ya wapenzi wa bendi waliokuwa mbele, na hakuna aliyetaka kukaa.

Miezi kadhaa baadaye wimbo ule ukapigwa redioni. Nilipoufuata kibandani, swali la kwanza la mzee lilikuwa: “Umesikia walichokata?” Nilikuwa nimesikia. Tukasimama pale dirishani kulijadili lile chemko lililofupishwa mpaka adhana ya magharibi, na wateja wengine wawili wakajiunga, kila mmoja na Jumapili yake.

Sasa nauliza: nani mwingine mjini alikuwa anafanya kazi ile? Redio ilinipa wimbo. Mzee yule alinipa masikio, akanituma ukumbini nikiwa najua ninachokwenda kukisikiliza.

Najua upande wake mbaya. Bendi haikupata hata senti kutoka kwenye kibanda kile, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, wengi wakiwa wameshatangulia. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki mwenyewe, kabla ya kufariki 1995 alikuwa akiuza kanda za nyimbo zake ili aishi. Inauma. Lakini pia inaonyesha kwamba mwajiri alipoondoka, kilichobaki kati ya mwanamuziki na mpenzi wake kilikuwa kaunta ya kanda.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo si lile nililoanza nalo: maduka hayakuujenga muziki wa Dar, ila mishahara ilipokwisha tuliyahitaji kuliko wakati wowote, na leo nayataka. Simlazimishi kijana kununua CD wakati hana pa kuichezea. Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi vipo kila kona, na kazi ni ileile. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia nani anapiga besi, na Msondo, ile NUTA Jazz ya zamani, wako wapi Jumamosi hii. Wakipewa utaratibu mwepesi wa kulipia haki za wasanii, wale vijana wanaweza. Ila anayefikiria duka la santuri kuukuu za bei mbaya, za wageni kuja kupiga picha na kuondoka nazo, hilo asilihesabu kuwa msaada. Bendi hazitaona mtu mpya hata mmoja mlangoni.