Re: Nikariri orodha ya maneno 1,000 kwa ajili ya GRE?

Ndugu, umeuliza kama ukariri orodha ya maneno 1,000 kabla ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, au usome makala tu. Orodha inasaidia, lakini si kwa kuimeza kuanzia A hadi Z. Maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 2011. Siku hizi unapewa sentensi yenye pengo, na kuna swali ambalo unachagua maneno mawili kati ya sita, yatakayoipa sentensi maana ileile. Ukipatia moja tu, huna alama. Kwa hiyo panga maneno kwa makundi ya maana: loquacious, garrulous na voluble yakae kwenye kadi moja, yote ni ya mtu mwenye maneno mengi.

Kwa maoni yangu, kinachowaangusha wengi ni maneno wanayodhani wanayajua. Chukua qualified. Tunajua ni mtu aliyefuzu, lakini "qualified praise" ni sifa zenye masharti. Mtu anasifia huku akiweka "ila". Ukikutana na neno la namna hiyo kwenye makala, liandike pamoja na sentensi yake nzima.

Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Funika maana ujilazimishe kukumbuka kabla ya kugeuza kadi, maana kupitisha macho tu kunakudanganya kwamba umeshajua. Zikibaki wiki mbili, achana na maneno mapya, fanya majaribio ya ETS wenyewe, wao ndio watungaji wa GRE.