Kuku 10 wa mayai uani: matembe au vifaranga?

Dada, umeuliza kama uanze na vifaranga au matembe (kuku jike wachanga ambao hawajaanza kutaga) kwa kuku 10 wa mayai hapo uani, na uwape chakula gani. Chukua matembe wa wiki 16 waliokwisha chanjwa. Vifaranga wanataka joto usiku na mchana wiki za mwanzo, na uzembe wa usiku mmoja unawaua.

Banda la mita 2 kwa 1.5 linatosha. Tandaza maranda ya mbao unene wa sentimita 8 hivi. Kila baada ya siku chache yafinye mkononi: yakishikamana kama donge yamelowa, yabadilishe. Weka viota viwili vya sentimita 30 kwa 30, pembeni penye giza kidogo.

Kwenye chakula ndipo wengi wanapoharibu. Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi. Ukikianza mapema, figo za tembe zinaumia. Endelea na cha kukuzia hadi wiki ya 18 au yai la kwanza. Baada ya hapo kila kuku hula gramu 120 hivi kwa siku, yaani mfuko wa kilo 50 unafika siku 40. Tafadhali usiongeze pumba ili mfuko ufike mbali: protini inashuka, mayai yanapungua. Maji nayo yasikauke hata mchana mmoja wa jua kali.

Chanjo ya kideri (mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku) ya matone, aina inayovumilia joto, ni tone moja jichoni kila miezi 3, hata wakionekana wazima. Kikishaingia bandani, kideri hakina dawa.