Fantasi ya besiboli: hesabu mechi kabla ya majina

Kama umezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako kila timu ina mechi 38 na unabadilisha wachezaji kila wiki, ukialikwa kwenye fantasi ya mtoano wa besiboli yaache mazoea hayo mlangoni. Mimi sikuyaacha, na mwaka 2023 yaliniponza.

Tulikuwa wanane kazini, hapa Texas. Kila mmoja alichagua wapigaji kumi kabla ya mechi ya kwanza, na hakuna kubadilisha hadi fainali iishe. Mchezaji akizunguka vituo vyote akarudi nyumbani, yaani pale alipoanzia kupiga, pointi moja. Pigo lake likimrudisha mtu nyumbani, pointi moja kwa kila aliyerudi. Hatukuweka pesa, na ninashauri msiweke.

Nikafuata majina. Atlanta Braves walikuwa wameshinda mechi 104 msimu ule, Los Angeles Dodgers 100, basi nikachukua watano huku na watano kule, wakiwemo Mookie Betts na Freddie Freeman wa Dodgers. Arizona waliwatoa Dodgers kwa kushinda mechi tatu mfululizo: Betts hakupata pigo salama, yaani la kumfikisha kituoni, hata moja katika majaribio 11, Freeman alipata moja katika 10. Kesho yake, tarehe 12 Oktoba, Braves nao wakatolewa na Philadelphia. Fainali iliisha tarehe 1 Novemba. Karibu wiki tatu sikuwa na mchezaji hata mmoja uwanjani, na iliniuma kweli.

Dada mmoja wa zamu yetu alikuwa amechagua Texas Rangers, timu ya nyumbani kwake, ambayo haikuongoza hata kundi lake. Rangers walianzia raundi ya kwanza wakafika kwenye ubingwa: mechi 17. Adolis García peke yake alirudisha watu 22, rekodi ya mtoano mmoja. Hata alipoumia katikati ya fainali, pointi zilishaingia.

Ndiyo maana siku hizi naanza na timu. Kwenye mtoano huingia timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili za besiboli ya Marekani, American na National, na mbili bora za kila ligi huruka raundi ya kwanza. Chagua moja ya American na moja ya National unazoamini zitakutana fainali. Mbili za ligi moja haziwezi kufika huko pamoja. Weka wachezaji saba au wanane wa timu hizo mbili ulizochagua. Ndani ya timu, chukua wale wanaopiga wa kwanza hadi wa nne, kwa sababu zamu huwarudia mara nyingi zaidi. Kama kundi lenu linahesabu warushaji, yaani wanaowarushia wapigaji mpira, waachie mwisho: mrushaji anayeanzisha mechi hupumzika siku kadhaa kabla ya kurudi.

Mwaka 2024 nikachagua Dodgers na New York Yankees. Wenzangu walinisihi nimwache Freeman, maana kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeteguka siku chache kabla ya mtoano. Nikamchukua, pamoja na Betts. Tarehe 25 Oktoba, mechi ya kwanza ya fainali, awamu ya kumi, Dodgers wako nyuma kwa moja, vituo vyote vimejaa, na Betts yuko kwenye kile cha kwanza. Freeman akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka uzio. Wakarudi nyumbani wote wanne. Pointi tano zake (nne za kurudisha, moja ya kurudi mwenyewe), moja ya Betts, na kelele zangu zikamwamsha mtoto.