Solusheni haibandikwi mbichi

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tandahimba, korosho zangu nazipeleka ghalani kwa baiskeli. Tyubu ya nyuma imezibwa mara tatu palepale, na kila baada ya siku mbili kiraka kinaachia. Kijana anayeniziba anatumia supagluu, anasema inashika kuliko solusheni. Ninunue tyubu mpya?

Jibu: Marahaba. Usinunue bado. Kama tundu haliko kwenye shina la valvu, tyubu hiyo inapona.

Kinachokutesa ni hiyo supagluu, nami nimechoka kuikwangua kwenye tyubu za watu. Ikikauka inakuwa ngumu, haivutiki. Tyubu yenyewe inajikunja kila gurudumu linapozunguka, na ukiweka gunia juu ndiyo zaidi. Gundi inapasuka, upepo unapita chini ya kiraka. Halafu linabaki ganda ambalo kiraka kipya hakishiki. Lisugue lote kwa msasa mpaka mpira uonekane, usiong'aa.

Wenye solusheni nao wengi wanaiharibu kwa haraka zao. Wanapaka na kubandika hapohapo ikiwa mbichi, kama wanabandika bahasha. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka hewani; kiraka ukikiwahisha, kimiminika kinanaswa chini na mpira haushikani. Paka nyembamba, ipite ukubwa wa kiraka. Ngoja dakika tano hivi, gusa pembeni: isiponata kidoleni, bandika, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati. Usiipulizie mdomo, pumzi ina unyevu. Usiiwashie kiberiti ikauke upesi kama wafanyavyo wengine, ule mvuke unalipuka moto usoni.

Kwa kuwa pancha yako inarudi palepale, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Ncha ya mwiba iliyobaki humo itatoboa hata tyubu mpya.

Hofu yangu kubwa siku hizi ni bodaboda. Mchezo huohuo wa supagluu naukuta kwenye tyubu zao, tena gurudumu la mbele, na mtu anashuka mteremko wa uwanda wa Makonde kapakia mama na mtoto. Upepo ukiisha ghafla pale, usukani haukusikii tena. Kwa hiyo, wa baiskeli na wa pikipiki, kabla fundi hajagusa tyubu mwambie akuoneshe anachopakia. Akitoa kile kichupa kidogo cha supagluu, chukua tyubu yako, sukuma hadi kwa fundi mwingine.