Mwanangu, usipake hicho kikopo

Makorora, Tanga

Mwanangu Mwanahawa,

Marahaba mama, salamu zako zimefika. Huku hatujambo, na goti la baba yako limetulia. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma wote, na ile picha ya kikopo nimeikuza mpaka nikaona kila herufi. Umeniuliza mambo matatu: makunyanzi yaliyokuanza pembeni mwa macho na katikati ya nyusi yametoka wapi, na wewe ndiyo kwanza una miaka 36, kama yanazuilika, na kama ununue krimu anayouza shoga yako wa Kariakoo au uende ukachomwe sindano. Nakuandikia barua kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nataka uwe nalo mkononi utakapokwenda dukani.

Nianze na kikopo, maana ndicho kilichoninyima usingizi. Hakina orodha ya vilivyomo, hakina jina la kiwanda, hakina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kimeandikwa tu kwamba kinaondoa makunyanzi na kung'arisha uso kwa siku saba. Hakuna dawa ya kupaka ya halali inayoondoa makunyanzi kwa siku saba. Kinachoweza kuufanya uso uonekane laini na mweupe kwa haraka hivyo ni steroidi kali, au zebaki, au haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua ngozi, au vyote pamoja. Huo ni mkorogo uleule, umevalishwa jina jingine. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku hapa nchini, ndiyo maana wauzaji wake hawaandiki kilichomo.

Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na waliounguzwa na mkorogo nimewahudumia wengi. Mmoja alikuwa binti wa rika lako. Alipofungua mtandio niliona mishipa midogo myekundu imetambaa mashavuni, vinyweleo vimemea mpaka karibu na taya, na chunusi za usaha kidevuni. Aliniambia hawezi tena kusogelea jiko la mkaa, akilisogelea tu uso unawaka. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba. Wiki za mwanzo mtu huona uso umetulia, anafurahi, anawaambia na wenzake. Baadaye ile ngozi iliyopungua ndiyo inayokunjika zaidi. Yaani anayekimbia makunyanzi kwa njia hiyo anayaita. Na zebaki haiishii usoni, huingia mwilini, huharibu figo, na humfikia mtoto tumboni. Wewe umeniambia mnatafuta mtoto wa pili. Sitaki zebaki ikaribie nyumba yako.

Sasa makunyanzi yenyewe. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka lenye nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na za elastini, zinazoirudisha mahali pake ukishaivuta. Kile kitanda cha teremka tukaze cha bibi yako Pangani unakikumbuka: kamba zikiwa mpya mtu analala juu, zikilegea anazama katikati. Nyuzi hizo nazo hulegea. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu mwili hutengeneza kolajeni kidogo kidogo kuliko mwanzo, na hedhi ikishakoma hupungua kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo. Hilo nimeliona kwenye uso wangu mwenyewe. Hapo kuna umri, kuna na kurithi, na haya hayana wa kuyazuia. Kukunja uso nako kumo. Wewe tangu mdogo hukunja nyusi ukisoma, na ukitoka juani unafinya macho. Mkunjo unaorudiwa mahali pamoja kila siku, mwisho hubaki hata uso ukitulia. Kapime macho, na ununue miwani ya jua nzuri. Usilichukulie hili kuwa dogo.

Lakini kubwa kuliko yote ni jua. Mtazame baba yako ukija. Kaa mbele yake, utazame shavu la kushoto, kisha la kulia. La kulia lina mistari mirefu kutoka kwenye jicho hadi karibu na sikio, na madoa meusi ambayo la kushoto halina. Miaka yote ile ya lori, Tanga kwenda Dar, Tanga kwenda Arusha, usukani uko kulia na dirisha liko kulia. Alikuwa akisema jua halimpati kwa sababu kioo kimefungwa. Kioo cha kawaida cha mlangoni huzuia mionzi inayounguza, lakini ile mionzi mirefu ya urujuanimno iitwayo UVA huipitisha kwa wingi, na hiyo ndiyo inayofika chini kwenye kolajeni na kuikatakata. Haiumi, haichubui, kwa hiyo mtu hana habari nayo. Marekani usukani wao uko kushoto, na mwaka 2012 madaktari wa huko walichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyekuwa kazini miaka 28. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mwingine kabisa. Nilipoiona niliita, "Baba Mwanahawa, njoo ujione." Na wewe meza yako ya kazini iko dirishani, ulinitumia picha. Ihamishe, au weka pazia.

Utasema sisi weusi jua halitudhuru. Kuna ukweli ndani yake. Weusi wetu ni kinga, na makunyanzi hutufikia kwa kuchelewa, pengine miaka kumi baada ya watu weupe. Ila kinga hiyo ina kikomo, na sisi jua hutuanzia na madoa na weusi wa kupishana kabla ya mikunjo. Halafu tazama tunapoishi. Tanga iko digrii tano tu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Nenda ukawatazame wanawake wa mwani huko Mkinga, maji kupwa, jua juu na jua jingine linarudi usoni kutoka majini. Wengine ni wadogo zangu kwa miaka, ukiwaona utawaamkia wao kwanza.

Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake ni ndiyo, sehemu kubwa inazuilika. Katika mji wa Nambour, Australia, watafiti waliwagawa watu wazima 903 wa chini ya miaka 55. Wengine walitakiwa kupaka losheni ya kuzuia jua kila siku, wengine wapake wanavyopenda. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za waliopaka kila siku zilikuwa zimechakaa pungufu kwa asilimia 24. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Watu wa kule wengi ni weupe, sikufichi, lakini mionzi ni ileile na kolajeni ni ileile. Chukua yenye SPF 30 au zaidi, yaani namba ya nguvu ya kuzuia jua, na iandikwe kwamba inazuia UVA pia. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na 50 asilimia 98, kwa hiyo usitoe pesa nyingi kwa ajili ya namba kubwa. Zitoe kwa kununua chupa nyingine hii ikiisha. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili. Wengi hupaka robo yake kisha wakasema haifanyi kazi. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Zile zinazoacha weupe kama umepakwa unga usizilazimishe, tafuta yenye rangi ya kahawia. Ile rangi, ambayo ni oksidi ya chuma, husaidia pia madoa yasizidi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kivuli ni bora kuliko chupa yoyote, na mtandio mzito uliosogezwa mbele ya paji hufanya kazi kubwa. Ule mwepesi unaoonyesha mpaka nywele, jua linapita.

Ulitaja na liwa pia, ule mti wa kunukia, kwamba bibi alijipaka maisha yake yote na uso ukabaki mzuri. Ni kweli. Ninamwona bado, ameketi kibarazani na msio, lile jiwe la kusugulia, mbele yake, anasugua kipande cha liwa kwa maji ya marashi, polepole, mpaka unapatikana ule uji mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Anaupaka, unakauka, unapasukapasuka akicheka. Mimi liwa naipenda na sitaki iishe nyumbani kwetu. Inapoza, inanukia, na likiwa tabaka nene hukinga kidogo. Lakini kilichomlinda bibi zaidi ni kukaa ndani ya ukaya na baibui, kazi zake kuzifanya alfajiri na alasiri, na kutovuta kitu. Moshi wa tumbaku hubana mishipa inayolisha ngozi na huongeza vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Shisha ya Jumamosi na shoga zako imo humo humo, mwanangu. Mafuta ya nazi yanalainisha, hayazuii jua. Manjano kwenye singo hayana ubaya. Ndimu usoni, hapana kabisa: maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za miezi.

Kuhusu dawa inayotibu kweli, iliyo na ushahidi mrefu kuliko zote ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A. Daktari Albert Kligman wa Philadelphia aliitumia kwa chunusi, na wagonjwa wake wa umri mkubwa wakamwambia mikunjo yao inapungua. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wao. Huusukuma mwili utengeneze kolajeni upya. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mwanzo siku mbili au tatu kwa wiki, na matokeo huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Ukiharakisha utawashwa na kubabuka, na kwa ngozi zetu kila mwasho huacha doa. Retinoli ya dukani ni ndugu yake dhaifu. Lakini zote mbili hazitumiki kwa mwenye mimba wala anayetafuta mimba. Kwa hiyo kwako wewe sasa jibu ni hapana; ngoja mpaka uzae na umalize kunyonyesha. Kwa sasa jua ulizuie, na usiku paka glisirini au vaselini uso ukiwa bado na unyevu. Ngozi yenye maji hujaa na mistari midogo hufifia, japo kesho yake inabidi upake tena.

Sindano ya Botox hulegeza misuli inayokunja uso, kwa hiyo mikunjo ya katikati ya nyusi hutulia kwa miezi mitatu au minne, kisha hurudi. Si uongo, inafanya kazi. Nayo pia haichomwi kwa mjamzito, na si kazi ya saluni. Sindano za kujaza mikunjo ni hatari zaidi, zikiingia kwenye mshipa wa damu mtu anaweza kupofuka. Siku ukiitaka kweli, uende kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo, akutazame kwanza.

Na kama kikopo umeshakianza, acha leo hii, usikitupe, ukionyeshe kwa daktari huyo. Uso ukiwaka au kuvimba baada ya kuacha, usikirudie hata mara moja ili utulie. Wengi hunaswa hapo. Mwambie na shoga yako, umwambie kwa upole, pengine naye anakipaka na hajui kilichomo. Nipigie ukishatoka hospitali.

Mama yako