Unasema gari yako inachemsha, sawa. Inachemsha ukiwa wapi?

Mara ya kwanza Corolla yangu kuchemsha ilikuwa katikati ya mlima Kitonga. Natoka Morogoro narudi Mbeya, saa nane mchana, nimeshapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, ambako joto lake mnalijua, na mbele yangu kuna foleni ya malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayekokota baiskeli. Mshale wa temperecha ukaanza kupanda. Nikajifanya sijauona. Ulipokaribia H, alama ya moto mkali, ghafla ukashuka wenyewe mpaka chini, nami nikashusha pumzi. Kumbe maji yalikuwa yameisha kiasi kwamba sensa ilibaki inapima hewa. Mshale ukishuka kwa namna hiyo, usishangilie. Simama, zima injini.

Siku ile nilifanya jambo moja tu la maana, nalo si kwa akili yangu. Nilikuwa nanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji ya injini, dereva wa lori akanipigia kelele: "Kaka, utaunguza uso!" Tukasubiri karibu saa nzima, mpaka mpira wa juu wa rejeta ukawa laini na unashikika, ndipo tukamimina maji kidogo kidogo. Maji baridi yakiingia kwa wingi kwenye injini iliyoiva, hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka. Akaniambia pia nipande na hita ikiwa imewashwa mpaka mwisho, vioo chini. Hita nayo ni kirejeta kidogo, inatoa joto kwenye injini na kulimwaga ndani ya gari. Sisi wa Mbeya tunaipenda hita mwezi Juni, lakini kuiwasha Kitonga saa nane mchana kunataka imani.

Nilipofika nyumbani nikaenda gereji ya jirani. Fundi hakuuliza chochote. Alifungua, akang'oa thamostati, ile vali ya maji ya injini, akanikabidhi mkononi. "Huku kwetu baridi, bro, hii haina kazi." Nikalipa, nikashukuru.

Wiki kadhaa gari haikuchemsha, lakini haikupata moto pia. Asubuhi hita inapuliza baridi, na petroli inakwenda kama kuna anayeinywa, kwa sababu injini isiyopata joto inaendelea kuongezewa mafuta kana kwamba imewashwa sasa hivi. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Watu wa baridi ndio tunaoihitaji kuliko wa Dar! Halafu siku moja natoka Chimala, napanda Inyala, ikachemsha tena kabla sijaufikia Mlima Nyoka.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Uyole, hakushika spana. Aliuliza: "Mwanangu, inachemsha ukiwa wapi?"

Swali hilo ndilo nusu ya kazi. Ikichemsha kwenye foleni au ukiwa umesimama, na ikipoa ukianza kukimbia, angalia feni: mota, fyuzi, rilei, au swichi yake. Ukiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ndiyo maana tatizo linajificha. Ikichemsha ukiwa kwenye mwendo au unapanda mlima na mzigo, basi maji hayazunguki vya kutosha au rejeta imeziba. Hapo utazame pampu ya maji, mkanda wake, thamostati iliyoganda, kutu ndani ya rejeta, na usisahau nje: kati ya kondensa ya AC na rejeta yangu mzee alichomoa vumbi na wadudu waliogandamana kama mkeka.

Lakini hilo halikumridhisha. Alichuchumaa akatazama chupa ya akiba, ambayo maji ya rejeta hukimbilia yakipata moto na kurudi yakipoa: imejaa mpaka juu. Akafungua rejeta, iliyokuwa imepoa tangu usiku: maji yako chini, hata kidole hakiyafikii. "Umeona? Yanatoka, hayarudi." Akanionyesha mfuniko. Mpira wake ulikuwa na nyufa, na springi ukiibonyeza kwa dole gumba inalala bila ubishi.

Hapa ndipo nyanda zetu zinapoingia. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Anayepika maharage bila presha kuka analijua hilo. Mfuniko mzima wenye namba 0.9, yaani presha unayoizuia, hubana maji mpaka yavumilie kama nyuzi 115 bila kuchemka. Sasa feni nyingi huwaka maji yakifika nyuzi tisini na kitu. Kwa hiyo ukiwa na mfuniko uliochoka huku kwetu, feni inaamka wakati maji tayari yanatokota! Mimi nilikuwa natukana mlima, kumbe ni kifuniko cha elfu chache. Ukinunua, soma namba ya ule wa zamani, usichukue wowote unaoingia.

Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, niliiogopa zaidi, na huku inatuchanganya. Moshi mweupe asubuhi ya Julai ni mvuke tu. Subiri injini ipate moto, ukiendelea kutoka mwingi ndipo uwe na wasiwasi. Hata utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuletwa na baridi na safari fupi. Kinachoeleweka zaidi ni hiki: washa injini ya baridi rejeta ikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au, ukiwa umefunga mfuniko, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo andaa fedha.

Yangu haikuwa na mapovu. Mzee alirudisha thamostati mpya, akajaza kulanti, maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba yaliyokuwa yameshageuka rangi ya chai, akaacha rejeta wazi na hita kwenye moto, injini ikisaga polepole. Kila baada ya muda anaukamua mpira wa juu, hewa inatoka *blup*, anaongeza kidogo. Alikaa hapo mpaka mpira ukapata moto na hewa ikakoma, ndipo akafunga mfuniko.