Mashine ya kutobolea mbao: ya mkanda au ya kielektroniki?

Ndugu, umeuliza kama karakana yako ya samani inunue mashine ya kutobolea ya kusimama ya aina ya zamani, ambayo mwendo wake hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli, au ile inayodhibitiwa kielektroniki. Kwa kazi uliyoitaja, yaani matundu ya bawaba za makabati kwenye mninga, mimi ningechukua ya mkanda.

Biti ya bawaba, yaani ncha ya kutobolea, yenye kipenyo cha milimita 35 huhitaji mwendo wa chini, karibu mizunguko 500 kwa dakika kwenye mbao ngumu. Ukizidisha sana, mbao huungua na biti hupoteza makali. Puli hupunguza mwendo huku zikiongeza nguvu ya kuzungusha, kama gia ndogo ya gari mlimani, ilhali mashine nyingi za bei nafuu zenye kitufe cha mwendo hulegea pale pale unapozihitaji.

Mashine bora ya kielektroniki kama Nova Voyager, inayokwenda mizunguko 50 hadi 5,500 kwa dakika, hutambua mzigo na kushikilia mwendo. Hata hivyo, umeme unaopanda na kushuka ukiunguza kadi yake ya kielektroniki, si kila fundi ataitengeneza. Mkanda na beringi hupatikana kwa urahisi zaidi. Ningebadili ushauri huu iwapo unabadilisha biti ndogo na kubwa kutwa nzima, maana kuhamisha mkanda huchosha, na wengi huishia kutouhamisha kabisa.

Kabla ya kulipa, teremsha mhimili unaoshika biti hadi mwisho, kisha utikise: ukicheza, iache mashine hiyo.